Kadi ya Njano Niliyomvisha Mziwanda Wako

Chumba cha Wauguzi,
Idara ya Dharura.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Magoti yanasemaje siku hizi? Na Baba Mdogo, kikohozi kimempa nafasi? Sisi wazima, na mwanao yu hai. Nalitanguliza hilo usije ukaisoma barua hii roho mkononi.

Mwezi uliopita matroni alitufanyisha zoezi la maafa. Wapishi na madereva walijilaza sakafuni wakijifanya majeruhi. Mimi nikawekwa mlangoni kugawa kadi: nyekundu kwa wa kuhudumiwa papo hapo, njano kwa anayeweza kungoja, kijani kwa anayetembea. Tulicheka, maana dereva mmoja "alikufa" huku anatafuna karanga. Matroni hakucheka. Alinitazama akasema, "Hapo mlangoni huna ndugu."

Alhamisi saa nne asubuhi, paa la kiwanda cha nguo anakofanya kazi mwanao liliporomoka. Tuliletewa watu ishirini na saba. Yeye alikuwa wa sita, mguu umepinda vibaya. Akanishika gauni: "Dada, usiniache!" Nikampima mapigo, nikamvisha njano, nikajibandua mkononi mwake. Nyuma yake alilala mama mmoja mshonaji, kimya, midomo imepauka. Huyo nikampa nyekundu, nikapiga kelele aingizwe.

Mama, mwanao alingoja saa mbili na nusu. Nilimsikia akiniita mpaka akanyamaza, na sikugeuka.

Mfupa umeungwa, atatembea. Lakini alininunia. Nikimpelekea chai, anageukia ukuta. Nami situlii tangu siku ile: naosha vikombe visafi, nahesabu glavu zilizokwisha kuhesabiwa, nikikaa nainuka.

Jana ndipo akafungua kinywa. "Yule uliyemkimbilia, alipona?"

"Yuko wodi ya pili. Amefumbua macho leo."

Akanyoosha kidole kwenye kiti cha magurudumu. "Nisukume nikamwone."

Kumbe cherehani zao zilipakana. Walishikana mikono wakalia wote wawili, nami nimesimama kando, sijui pa kuweka yangu.

Nimetaka uyasikie haya kwangu kabla ya mtu mwingine. Kama nilikosea, nigombeze, Mama, ila usininyamazie. Kesho nimepangwa tena mlangoni.

Nisalimie Baba Mdogo, Bibi na wale mapacha. Mungu akupe usingizi mwema, maana mimi bado sijaupata.

Ni mimi nikupendaye,
Binti yako muuguzi.