Salamu kwa Kalamu

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Mimi mzima, ila ofisini nimekalia kaa la moto.

Uliniuliza wakubwa wa huu Umoja wa nchi wanaongeaje. Utacheka. Rais wa Tume na Spika wa Bunge la Umoja wanatenganishwa na korido moja, lakini huandikiana barua. Za Rais nachapa mimi, naacha nafasi juu na chini ili salamu na kuagana aandike mwenyewe kwa kalamu. Mwezi jana niliona nafasi zile zinaharibu karatasi, nikachapa "Mheshimiwa Spika" hapo juu na "Wako mtiifu" chini. Rais alikuwa anawahi ndege, akatia sahihi bila kutazama.

Tangu siku hiyo Spika kanuna, hajajibu, na kikao chao cha pamoja kimeahirishwa. Hakuna anayejua chanzo ni mimi. Nikisema, naweza kufukuzwa. Nifanyeje?

Binti yako

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kama kawaida yake. Barua yako nimeisoma nikiwa cherehani, sindano mdomoni, nusura niimeze. Kumbe watu wenye walinzi na bendera nao hununiana kwa salamu! Hebu niambie, huwa Rais anamwitaje Spika hasa? Na wino wa rangi gani?

Kaseme kwa bosi wako kabla hujasemewa.

Ila huyo Spika namwelewa. Barua zako tatu za mwisho umezichapa zote, mpaka neno "Baba". Nilidhani umenichoka.

Baba yako

30 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Uvumilie mwandiko.

Nilikwenda kwa Rais nikamweleza yote. Akashika kichwa: "Nami nilidhani yeye ndiye kanichoka!" Akachukua karatasi, akaandika "Ndugu yangu". Ndivyo anavyomwita, Baba, kwa wino wa buluu. Akanituma niipeleke mwenyewe.

Spika alisoma nikiwa nimesimama. "Ile nyingine nani aliichapa?" Nikasema mimi. Hakunigombeza. Aliomba kalamu yangu akajibu palepale, na kikao ni Jumatatu.

Mimi nimehamishiwa masjala, kupanga mafaili. Barua za Rais sichapi tena. Imeniuma, sikufichi.

Lakini sijakuchoka, Baba. Karatasi hii ni ya nne. Tatu nimezichana kwa sababu mkono umesahau. Hapo juu wino umevuja kwenye jina lako, nikaona nisichane tena.

Binti yako