Jogoo Aliyewika Wageni Wakila

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijampoteza binti yangu kwa sababu ya jogoo. Mimi ni dereva mstaafu, nakaa Komarock, na nyuma ya nyumba nafuga kuku vibeti wa Kibelgiji, wale wenye manyoya mpaka vidoleni kana kwamba wameazima suruali ya baba, na siwafugi kwa nyama wala mayai, nawafuga niwatazame, nawatandikia maranda makavu ya mbao wasichafue miguu, jogoo nimemwita Mkurugenzi kwa sababu hatembei, anakagua, na mtetea wake ni Celine. Sasa Jumamosi wakwe walitoka Machakos kuja kumposa binti yangu, wakiongozwa na mzee Mbaluka, baba mdogo wa kijana, na mke wangu Awuor akaniambia wageni kama hao huchinjiwa jogoo wa nyumbani, mimi nikakimbia dukani nikanunua kuku aliyekwisha kunyonyolewa, kisha banda nikalifunika blanketi. Awuor akasema, "Wewe Phares, utawanyima wakwe kuku eti kwa sababu amevaa soksi?" Nikalikaza blanketi. Tukala vizuri mpaka upepo ukaangusha blanketi, Mkurugenzi akaona mwanga akadhani kumekucha, akawika, na mzee Mbaluka ameshika paja mkononi. Akalirudisha kwenye sahani polepole, akasema, "Kumbe kuku wapo. Ila si wetu." Wakanawa, wakaaga kwa adabu, na tangu siku hiyo wamekataa kurudi kumalizia mazungumzo, binti hanisemeshi, na Awuor anataka nimchinje jogoo nimpelekee mzee. Mshauri, nitamchinjaje?

Phares, Komarock

Phares, pole, lakini si sana.

Jogoo usimchinje kwanza. Ukishamnyonyoa hiyo suruali atabaki kama njiwa, na ukimpelekea mzee Mbaluka njiwa utakuwa umemtukana mara ya pili. Wala sikulaumu kwa kufuga. Wastaafu wengine hutazama chupa.

Kosa lako ni blanketi. Ulimhukumu mgeni kabla hajaketi, ukaamua kwamba macho yake yanajua nyama tu. Ungemwambia, "Mzee, hawa ni wa kutazama, wako nimemtafuta kwingine," angekucheka, akala paja lake, na leo mngekuwa mnapanga harusi.

Halafu barua yako nimeisoma mara mbili. Jogoo ana jina. Mtetea ana jina. Binti hana. Labda ulisahau tu, lakini yeye anaishi humo humo, na nadhani jambo hilo aliligundua kabla yangu.

Basi anza naye. Mwite kwa jina lake, mwombe radhi mbele ya mama yake, na usitaje kuku hata mmoja. Kisha nenda Machakos mwenyewe pamoja na Awuor, si kwa simu, ukiwa na jogoo wa kienyeji mzima, mkubwa, wa kuchinjwa huko huko. Usijitetee. Sema, "Mzee, nilikuficha, nimekosa," kisha mwalike tena kwako.

Akija, fungua banda umkabidhi mzee Mkurugenzi amshike. Ninavyowajua wazee, atauliza hizo soksi zinafuliwaje. Lakini akimshika, akamtazama vizuri, na bado akamtaka chunguni, chukua kisu mwenyewe. Usimtume Awuor.