Koti la mume wangu limeletwa kwangu na mwanamke mwingine

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijajiaibisha, maana akili imegoma na tangu Jumanne kila nguo ninayoishika naishona kinyume.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, na mume wangu anafanya kazi kwenye ghala la kugandishia nyama, humo ukiingia na nywele mbichi zinakakamaa kama waya. Baridi ilipoanza mwaka huu, na imekuja kali hata huku nje, nilimshonea koti zito, nikalitia pamba tabaka mbili, bitana ikaniishia kwenye mfuko wa ndani, basi nikakata gauni langu la kijani, lile nililovaa siku ya kwanza kutoka naye, nikamalizia. Alilivaa wiki moja. Baadaye nikawa namwona anatoka na sweta tu, nikimuuliza anasema koti linakaa kazini kwenye kabati, nami nikaridhika.

Sasa Jumanne akaja dada mmoja, mpima mizani wa ghala hilo hilo, na koti lililoharibika zipu, nikaligeuza, nikauona mfuko wa kijani. Nilikaa chini bila kujua nimekaa. Nikajikaza nikamwambia, "Koti zuri hili, dada, umelitoa wapi?"

Akanijibu hana hata wasiwasi, "Nimepewa na kaka mmoja kazini, tunamwita Barafu. Nilipoanza kazi nilikuwa natetemeka mpaka nashindwa kusoma mizani, akaniambia chukua, mimi baridi sijui hata inafananaje. Na kweli, wenzake wakitoka kuota jua, yeye anabaki humo humo na kasweta kake."

Barafu? Mshauri, huyo mtu nyumbani analala na soksi pea mbili, blanketi analivuta lote, na mtoto akiacha dirisha wazi kidogo tu anagomba utadhani tumeibiwa. Sasa anayedanganywa ni nani, mimi au wao? Kama baridi anaisikia, kwa nini avue koti langu ampe mwanamke mwingine, yeye abaki anatetemeka, si mapenzi hayo? Na kama haisikii, soksi za nini?

Nikikumbuka mengine ndiyo nazidi kupotea. Siku hizi tukitembea hanishiki mkono, yake anaificha mifukoni. Vifungo vya shati ananiambia nimfunge mimi, na zamani alikuwa hataki kudekezwa. Akitoka kazini vidole vimempauka kama mshumaa, nikimuuliza anacheka, anasema ni chembe za barafu. Wiki iliyopita alishika sufuria ya chai inayochemka kwa mikono mitupu akaitembeza mpaka mezani huku anapiga stori, mimi ndiye niliyepiga kelele. Nahisi mawazo yake yote yako kwa mtu, ndiyo maana hata akiungua hajui.

Dada huyo anakuja kuchukua koti Jumamosi. Mdogo wangu ananiambia nilikatekate nimrudishie vipande kwenye mfuko. Mama anasema ukimchunguza sana bata, humli. Mimi zipu ya zamani nimeshaitoa, mpya sijaiweka, na sijui kama nitaiweka. Nifanye nini?

Fundi Niliyechanganyikiwa

*

Marahaba, fundi. Weka mkasi mbali kwanza, na mdogo wako mtafutie kazi ya kufanya.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililiona koti, kama ulivyotaka nilione. Mara ya pili nikaiona mikono ya mumeo, nikaogopa. Wewe umeiandika mwishoni, kama nyongeza, ndiyo maana nitakugombeza kidogo.

Pole sana. Kuliona gauni lako kwenye koti la mwenzio kunauma, hata mimi ningekaa chini. Lakini mwanamke mwenye siri haisimulii kwa fundi asiyemjua kwa swali moja tu. Siishi moyoni mwa mumeo, kwa hiyo sikuapii, ila hawara simwoni hapo. Namwona mwanamume aliyemhurumia mwenzake, akasema uongo mdogo ili koti lipokelewe, watu wakamshangaa, wakampa jina, jina likamnogea. Sasa hawezi kulivua. Akiomba koti lingine watamcheka, akitoka kuota jua watamcheka zaidi. Basi Barafu anabaki kazini, na mumeo anarudi kwako kutetemeka. Nyumbani ndipo pekee anapothubutu kusikia baridi, na wewe unamhesabia soksi.

Ni upumbavu, na mwambie nimesema mimi. Wapo wanaoivumilia baridi kuliko wengine, sikatai. Ila anayeshika sufuria inayochemka asisikie, huyo havumilii kitu, huyo anaumwa. Vifungo anakuachia kwa sababu vinamshinda. Mkono hakupi kwa sababu hataki ujue umekufa ganzi.

Kesho asubuhi mpeleke hospitali, hata akisema ana zamu, na daktari aambiwe habari ya sufuria bila kufichwa. Usimwache aote moto jikoni, ataungua na hatajua. Zipu iweke, tena ile imara, na Jumamosi mpe dada koti lake kwa heshima, halafu mwambie Barafu ni mume wako na mikono yake inaumwa. Jina alipewa kazini, acha likavuliwe huko huko. Mama yako naye msalimie, mwambie huyu bata tusipomchunguza tutampoteza.

Leo akirudi, habari ya koti usiitaje. Chukua futi yako ya kupimia, mwambie unamshonea glavu, na fundi mzuri hapimi kwa macho. Mpime kidole kimoja kimoja, na kila kidole mbonyeze ncha, mwulize kama anasikia, yeye akiwa amefumba macho. Ataleta mzaha, usicheke. Endelea tu mpaka ufike kwenye kidole ambacho hatakujibu, hapo weka futi chini, umshike mkono.