Sahani ya Ukutani

Valary, nimekasirika kweli.

Emmaculate wetu, huko ng'ambo anakofanya kazi za nyumbani, kwa madam wake mtaa wa Al-Hamra. Wageni walifika, akashusha ile sahani ya ukutani yenye samaki wa bluu, akaweka tende. Si kwetu vyombo vizuri hutolewa mgeni akija?

Madam akamnyang'anya mbele ya wageni. Mbele ya wageni, Valary.

"Hii si ya kulia. Ilifinyangwa na Mfaransa kwa mkono wake, miaka ya hamsini."

Akaigeuza, akawasomea jina la mfinyanzi nyuma: Lucien Baudrier. Mtu alishakufa kitambo, na jina lake akalitamka bila kukwama.

Halafu akamgeukia Emmaculate. "Yalla, Mariamu, rudi jikoni."

Mariamu. Eti Emmaculate ni jina gumu.