Umenihesabu Bila Kubisha Hodi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukiona haya ni mambo ya kipuuzi nivumilie hadi mwisho kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni fundi wa kompyuta, nina miaka arobaini na mmoja, mke wangu ni mshonaji na hatujajaliwa watoto, na kwa miaka tisa nimekuwa nikitengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, ule unaokutana nao ukiwasha mashine, wangu ni wa Kiswahili mtupu na ni wa bure, unajipakulia mtandaoni, unamnakilia jirani, hakuna kujiandikisha wala kuomba ruhusa. Tulianza watu watatu, mmoja akapata kazi ya maana akaacha, mwingine, tuliyemwita Kijiti, alichoka tu, akasema hajawahi kumwona hata mtu mmoja anayeutumia, nikabaki mimi na chumba cha nyuma, ndicho karakana yangu.

Sasa mshauri, kitu cha bure hakina orodha ya wateja, na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia. Nikawa nakisia. Nilihesabu waliopakua, lakini mtu anaweza kupakua asifungue kamwe, nikahesabu mashine zinazokuja kuomba marekebisho mapya, lakini shule nzima hutokea kama mashine moja na kompyuta moja ya msafiri hutokea kama kumi, kwa hiyo nilichopata ni kati ya mia tano na elfu kumi na mbili, na hilo si jibu. Asubuhi nilikunywa chai nimesimama nikisoma tarakimu, mchana nilikula juu ya boksi la skrini mbovu, na nikipita mlangoni kwa mke wangu cherehani ilinyamaza kidogo, nikishapita inaendelea.

Siku moja mezani akaniuliza kwa upole ni watu wangapi wanaotumia kitu changu. Nikajibu elfu kumi na mbili, bila hata kumeza mate. Alifurahi, mshauri, akamwambia kaka yake, na shemeji yangu huyo anafundisha chuo, naye amenipangia Jumatano ijayo nizungumze mbele ya walimu wenzake, mimi mwenye watu elfu kumi na mbili.

Hofu ikaniingia, nikataka hesabu ya kweli, na hapo nikafanya jambo ninalolionea haya. Kwenye marekebisho ya karibuni nilificha programu ndogo, kila kompyuta ikiwashwa inaniletea ishara kwamba ipo, na sikumwambia mtu. Zikaja mia tatu arobaini, na arobaini na sita kati ya hizo ni za humu humu karakana kwangu. Nilikaa nikazitazama. Miaka tisa.

Siku ya nne ikaja barua pepe, ya kwanza kutoka kwa mtumiaji tangu miaka mitatu iliyopita, ya mkutubi wa shule nisiyoijua. Ana kompyuta kumi na nane kuukuu, na alipokuwa akikagua zinawasiliana na nani mtandaoni akaigundua programu yangu. "Niliuchagua mfumo wako kwa sababu uliandika kwamba haumchungulii mtu," aliandika. "Mbona umenihesabu bila kubisha hodi?" Na mshauri, kibaya zaidi ni kwamba nilifurahi, nikaisoma tena na tena nikitabasamu kama mtu aliyepata mgeni, kisha nikaona haya, na hadi leo sijamjibu. Nikisema kweli nitamvunjia mke wangu heshima mbele ya ndugu zake, nikinyamaza sijui nitawezaje kusimama mbele ya wale walimu. Nifanye nini?

Fundi wa Chumba cha Nyuma

JIBU

Pole, fundi. Nimekusoma hadi mwisho na sikucheka popote. Lakini huruma hainizuii kukukaripia. Uliahidi humchungulii mtu, kisha ukachungulia. Mpweke naye hubisha hodi, akasubiri kufunguliwa.

Iondoe programu hiyo leo, kabla hujala. Futa ulichokusanya, na ukiri kosa pale pale ulipoandika ahadi yako. Siku ukitaka kuhesabu tena, uliza: anayependa ahesabiwe, asiyependa aachwe. Utapata idadi ndogo, na utaizoea.

Mkutubi mjibu kwa mistari mitano: nilikosa, nimeondoa, samahani, kompyuta zako zina tatizo gani nikusaidie. Usimmwagie upweke wako, si mzigo wake. Asipojibu, usimfuate.

Halafu mke wako. Wewe unasikia cherehani inanyamaza ukipita na bado hujui kwa nini? Anasikiliza kama utaingia. Mwambie kweli kabla hujamwambia shemeji yako. Atanuna, na ana haki. Njia ya mwongo ni fupi, nawe umefikia mwisho wake. Jumatano nenda, uwaambie walimu kwamba hujui ni watu wangapi, na uwaeleze kwa nini haijulikani. Hilo ndilo somo unalolijua kuliko wote watakaokuwa chumbani humo.

Kwa kuwa Jumatano isingesubiri gazeti, nilikusomea maneno haya kwa simu, na umeniruhusu niongeze yaliyofuata. Programu umeiondoa. Chuoni ulikwenda, mwalimu mmoja alicheka, wengine waliuliza maswali hadi muda ukaisha. Shemeji yako hajakupigia. Mkutubi umemwandikia, hajajibu.

Mke wako ulimwambia kweli kwanza, akanuna. Siku ya tatu akakuuliza, "Miaka tisa yote hiyo, mbona mimi hujawahi kunionyesha?" Ukaniambia uliinuka, ukarudi chumba cha nyuma.

Fundi, toka humo. Chukua kompyuta moja nzima, uiweke karibu na kitambaa anachokata, vuta kiti, uiwashe, na usiinuke mpaka yeye achoke kuuliza.