Mkojo Ulikuwa Wangu, Anayefukuzwa ni Rafiki Yangu

Mpendwa Mshauri,

Nisaidie, kwa maana hapa Homa Bay nadungwa sindano za ugonjwa nisiokuwa nao na rafiki yangu anafukuzwa kazi kwa jambo nililolifanya mimi, na majina nimeyabadilisha ila mambo ni kama yalivyotokea.

Nina umri wa miaka ishirini na minne, nimesoma hadi kidato cha nne, nami ni karani wa stoo katika kampuni ya malori, lakini ukweli ni kwamba niliajiriwa kwa sababu nacheza beki, na Elkanah, kipa wetu, mtu wa kisiwani huku ziwani, aliajiriwa kwa sababu ya mikono yake, akaandikwa kuwa fundi wa magurudumu. Mimi huandika shajara kila siku, na tarehe tisa Novemba niliandika hivi: tumewafunga vijana wa kampuni ya Osiri mbili kwa moja pale Migori, sikusikia uchovu, usingizi umekataa. Sababu ni kwamba usiku uliotangulia nilikesha stoo, na asubuhi Bwana Onsongo, msimamizi wa malori ambaye pia ni katibu wa timu, akanipa kidonge kile madereva wanachomeza wasisinzie njiani, akasema, "Meza, kijana, kampuni inataka kikombe," nami nikameza.

Jumatatu meneja, ambaye alikuwa amesoma gazetini kwamba kwenye Olimpiki kule Meksiko wanamichezo walipimwa mkojo, akaamuru wachezaji wote tukojoe chupani, wachezaji tu, si madereva, na atakayekataa aache kazi na nyumba ya kampuni. Tulipoingia chooni Elkanah akanishika mkono. "Omera, ndugu yangu, tubadilishane chupa." Nikamuuliza kama amevuta bangi. "Bangi gani! Mkojo wangu una damu. Kwetu kisiwani kila mvulana hukojoa damu akianza kuwa mwanamume, hata mama hashtuki, lakini hawa watasema mimi ni mgonjwa, wanitupe. Wewe umesoma, wewe hawatakutupa." Nikakubali upesi mno, naye akadhani ni upendo, akanishukuru, wala sikumwambia habari ya kidonge.

Chupa zikapelekwa Nairobi, na majibu yalipokuja meneja aliyasoma uani mbele ya wafanyakazi wote, jina kwa jina. Akasema Elkanah amekutwa na dawa, asimamishwe kazi na ahame mwisho wa Desemba, na mimi nimekutwa na kichocho, nitibiwe kwa gharama ya kampuni. Madereva wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Kumbe kipa alikuwa anaruka kwa petroli!" Na anayecheka hivyo ana vidonge mfukoni.

Jioni ile Elkanah akanijia. "Omera, ulimeza nini?" Nikasema sijui, labda maabara wamekosea. Akanitazama. "Basi mimi ndiye niliyemeza?" Akaenda zake. Hajanitaja kwa mtu, na mkewe, Dolphine, ameanza kuuza kuku wake kabla ya kuhama. Bwana Onsongo naye anajua alimpa nani kidonge, lakini aliniambia, "Mambo yamekaa vizuri, usiyachokoze." Dresa wetu, Javan, mhudumu wa zahanati ya kampuni, hunidunga mshipani siku moja baada ya nyingine, nami hutapika mpaka machozi, na hata hivyo kinachonikosesha raha si sindano, kwa maana hutoka nyumbani nikafika karibu na mlango wa Elkanah nikageuka, nikaenda hadi ziwani, nikarudi, nikageuka tena, huku najiuliza mwajiri ana haki gani ya kuchungulia mkojo wa mtu, na kama haki hiyo hana, je, mimi nimemkosea nani?

Nishauri.
Beki Asiyetulia, Homa Bay, 5 Desemba 1968

JIBU

Beki,

Umemkosea Elkanah. Hilo halikuhitaji mshauri, na nadhani ulilijua ulipoandika maneno "upesi mno".

Pole kwa sindano. Nakuhurumia pia kwa jinsi mlivyotendewa. Kampuni iliyokupa kidonge kwa mkono wa msimamizi wake kisha ikakuletea chupa kwa mkono wa meneja wake haitafuti ukweli, inatafuta wa kulaumiwa. Anayecheza mpira akilewa dawa atajiumiza mwenyewe. Anayeendesha lori la tani saba akilewa dawa hiyo hiyo ataua watu barabarani, na huyo hakuna aliyempima. Tena ugonjwa wa mtu ni siri yake na mtabibu wake. Kuusoma uani ni aibu ya meneja, si yako.

Lakini usijifiche nyuma ya maneno hayo mazuri. Unauliza haki ya mwajiri ili usiulizwe habari ya kidonge. Rafiki yako alikuamini kwa siri ya mwili wake, wewe ukamnyima yako, na alipokuuliza uso kwa uso ukamwambia hujui. Na umesahau jambo kubwa kuliko kazi: wewe unatapika dawa ya Elkanah, na Elkanah mwenyewe anaendelea kukojoa damu. Waambie na watu wa kisiwani, damu hiyo si uanaume. Ni kichocho, kinaharibu kibofu na figo, na dawa yake ni kali mno kumpa mtu asiye na ugonjwa huo.

Usianzie kwa meneja. Fika kwa Elkanah leo, na mara hii usigeuke. Mwambie mbele ya Dolphine, kwa sababu naye anafukuzwa katika nyumba ile. Kesho nendeni wote wawili kwa Javan, akomeshe sindano zako na ampime mwenzako. Kisha mtafute mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, mwingie kwa meneja pamoja naye. Taja chupa, taja kidonge, taja Onsongo. Atakukana, na wewe utaje hata hivyo. Elkanah naye aungame kwamba wazo la kubadilishana lilikuwa lake, na aombe kupimwa upya mbele ya shahidi. Unaweza kupoteza kazi na nyumba. Sikudanganyi kwamba hutapoteza.

Baada ya hapo, mkitaka kusimama na wachezaji wenzenu mkasema kwamba apimwe kila mtu au asipimwe yeyote, na majibu apewe mwenyewe faraghani, mimi nitawaunga mkono katika ukurasa huu huu. Ila huwezi kuitetea haki ya mkojo wako kabla hujasema ule ulikuwa wako.