Vidonge vya Shangazi

Ghorofa ya pili,
Juu ya duka la fundi viatu.
Jumapili, 9 Machi.

Kaka mpendwa,

Hamjambo huko? Wifi na mapacha wanaendeleaje? Kile kifundo cha mguu ulichotegua kimepona, au bado unachechemea? Sisi tu wazima, ila paa la jikoni linavuja na baba anasema atalitengeneza mwenyewe. Unamjua.

Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya dada yetu mfamasia. Nilikuambia hospitali yao inaijaribu dawa ya mitishamba ya Kichina kwa wagonjwa wa pumu. Nusu yao walipewa vidonge vyenye dawa, nusu vya unga mtupu, rangi moja na harufu moja. Wote waliendelea na dawa zao za kuvuta. Hata madaktari hawakujua nani kapata nini. Aliyejua ni dada peke yake, maana ndiye aliyejaza chupa kwa kufuata orodha ya siri.

Na shangazi yetu alikuwa mmoja wa wagonjwa hao!

Miezi sita, kaka, tukila meza moja. Shangazi alibembeleza, akanuna, akafoka: "Nimekubeba mgongoni wewe, leo unanificha kidonge?"

"Nikikwambia, shangazi, utaanza kujisikia vile nilivyokwambia," dada akajibu, akaendelea kumenya viazi.

Siku shangazi alipobanwa kifua sokoni, dada ndiye aliyemkimbiza hospitali, kamshika mkono njia nzima. Dada alirudi macho mekundu. Siri hakuitoa.

Juzi orodha ikafunguliwa. Waliomeza mitishamba walibanwa mara chache kidogo kuliko wenzao. Si muujiza, na madaktari wanataka kurudia kwa watu wengi zaidi. Shangazi alikuwa amemeza unga mtupu.

"Ulijua siku zote hizo?" akamuuliza dada.

"Nilijua."

"Hata siku ile ya sokoni?"

"Hata siku ile, shangazi." Machozi yakamtoka dada.

Tukajua leo kutawaka moto. Shangazi akamvuta kifuani. "Mimi ningeropoka wiki ya kwanza," akasema. "Jaribio la pili niandikeni tena. Na wewe usiniambie."

Kaka, nilimtazama dada nikajiona bado nina mengi ya kujifunza.

Msalimie wifi, wabusu mapacha, na binamu yetu fundi umeme mwambie tumemkumbuka. Mungu akulinde kazini na njiani.

Mdogo wako akupendaye daima,
Kitindamimba